Nimemnunulia baba historia ya jina Stanley: fremu safi, maneno yana mchanga

Mimi nauza dagaa wa jumla pale Kibirizi, huu mwaka wa 11. Gunia la dagaa halinunuliwi kwa kuangalia mdomo wake. Juu utawekewa wale wakavu, weupe, wanaong'aa kama shilingi mpya. Zamisha mkono hadi kiwiko ndipo ukutane na mchanga. Hilo nalijua hata nikiwa usingizini. Lakini mwezi uliopita nilinunua kitu kwa kuangalia mdomo wa gunia tu, na nimeona niwaeleze mnaofikiria kukinunua, maana biashara yenyewe naona inashika kasi hapa mjini Kigoma.

Kitu chenyewe ni historia ya jina, ya kutundika ukutani. Unaingia steshenari (siitaji, kijana mwenye duka ana heshima na mambo tumeyamaliza), unataja jina la ukoo, anatafuta kwenye kompyuta, kisha anakuchapia karatasi ya A3 yenye rangi ya chai ya maziwa, kingo zimechorwa kama zimeungua moto, juu kuna ngao na wanyama, chini maelezo ya jina lilikotoka. Bila fremu ni 20,000. Na fremu ya mninga na kioo, 45,000. Ukutani alikuwa ametundika sampuli tatu: Johnson, Wilson na Ashley. Jina la Kiha halikuwepo hata moja. Nilipouliza akanijibu, "Hayo mama mtandao hauna."

Nikataja Stanley.

Babu mzaa baba alizaliwa pacha huko Kasulu. Alitangulia yeye, kwa hiyo akawa Bukuru, na mdogo wake akawa Butoyi. Aliyewafuata akaitwa Kiza. Waha wenzangu mnajua, hapo hakuna aliyekaa kikao kutafuta jina. Baadaye, enzi za Mwingereza, babu alibatizwa na Waanglikana, akaambiwa achague jina la Kikristo. Akachagua Stanley. Sababu yake, kama alivyokuwa akiisimulia mwenyewe, ni kwamba ndilo jina la Mzungu alilokuwa amelizoea masikioni, kwa kuwa kila mtu alijua kuna Stanley aliwahi kufika Ujiji. Kwamba Stanley si mtakatifu wala hayumo kwenye Biblia, halikuwa tatizo lake. Leo kwenye kitambulisho changu cha taifa kuna jina langu, la baba, na la babu, na fomu ikiuliza jina la ukoo ninajaza hilo la tatu. Baba alikuwa anatimiza miaka 75, nikasema nimpe zawadi ambayo hailiwi.

Niliahidiwa siku tatu, zikawa nane. Umeme ulikatika mara mbili, kisha wino wa bluu ukaisha ukasubiriwa kutoka Mwanza. Kwa hilo simkatii mtu nyota, sote tunaishi hapa.

Fremu ilipotoka, nilisahau zile siku nane. Mninga wa kweli, siyo mbao ya msonobari iliyopakwa rangi. Pembe zote nne zimekutana bila upenyo, nilipitisha ukucha haukunasa. Nyuma kuna plaiwudi iliyobanwa kwa misumari midogo midogo, na kamba imefungwa tayari kwa kutundikwa. Fundi wake yuko Mwanga, hapa hapa mjini, anasema mbao anazipata kutoka upande wa Tabora. Ningekuwa napima fremu peke yake, nyota tano na salamu kwake. Nikapanda bajaji hadi Ujiji nimeipakata kama mtoto wa kwenda kliniki.

Baba amefundisha shule ya msingi miaka 34, historia na Kiswahili. Akaipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akasoma kimya tangu juu hadi chini huku midomo ikicheza. Wajukuu wanasubiri keki. Akamaliza, akavua miwani, akaniambia, "Ahsante sana, mama. Sasa niletee kalamu nyekundu."

Nilidhani ni utani. Alichukua kisu cha kumenyea mihogo, akang'oa misumari ya nyuma mmoja mmoja akiipanga kwenye kisosi, akaitoa karatasi na kuanza kusahihisha.

Cha kwanza alichozungushia duara ni sentensi hii: "Ukoo wa Stanley ulishikilia kiti cha familia katika Staffordshire tangu nyakati za mapema sana." Baba akauliza, "Kiti gani hiki? Cha uvivu?" Jirani yetu Bi Mkubwa, aliyekuja na sahani ya kalimati, akasema labda kigoda. Ni wazi maelezo yalikuwa ya Kiingereza na mashine ikayatafsiri. Waingereza wakisema kiti cha ukoo wanataka kusema makao yao makuu, nyumba na ardhi yake. Baba akaandika pembeni "makao", akaongeza kwa sauti kwamba watu wakishikilia kiti miaka mia saba mgongo utawauma.

Cha pili hakikuwa kosa, ila kilimuudhi zaidi kwa sababu kilipewa mstari mmoja tu na ndicho chenye utamu wote. Karatasi inasema Stanley ni jina la mahali. Ni kweli. Katika Kiingereza cha kale "stan" ni jiwe na "leah" ni uwazi ndani ya msitu, pale miti ilipofyekwa. Kwa hiyo Stanley ni uwazi wenye mawe, mahali pa mawe. Baba akanyamaza kidogo, akaanza kucheka peke yake hadi akakohoa. "Mama, wewe umezaliwa hospitali gani?"

Maweni. Nimezaliwa Maweni, na miaka yote hii najaza fomu kwa jina la Maweni kwa Kiingereza. Hilo peke yake ningelilipia 10,000, na karatasi ilipita juu yake kama daladala isiyo na nafasi.

Na ile sampuli ya dukani, Ashley? Ile "ley" ya mwisho ni hiyo hiyo "leah", na mwanzoni kuna mti uitwao ash huko kwao: uwazi wenye miti hiyo. Bradley ni uwazi mpana. Kuna msichana wa saluni hapa Gungu anaitwa Ashley, nilipomwambia jina lake ni shamba lililofyekwa hakufurahi.

Baba akaendelea. Karatasi inadai Stanley wote wa dunia wametokana na mtu mmoja. Hapo kalamu ilikwaruza. Ukiwa na nchi yenye mawe na misitu, maeneo yaitwayo Stanley hayawezi kuwa moja: liko Staffordshire, liko Derbyshire, Durham, Yorkshire, Wiltshire, na Gloucestershire. Kila moja lilitoa watu wake wasiojuana, ndiyo maana jina limeenea. Na jinsi lilivyotoka ndiyo sehemu ambayo ningependa kijana wa steshenari aisome mara mbili. Mtu akiwa ndani ya kijiji cha Stanley hawezi kuitwa Stanley, kwa sababu hapo kila mmoja ni wa Stanley. Jina linamshika akihama. Anafika kijiji kingine, wako akina William watatu, huyu mgeni anaitwa William wa Stanley. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066 makarani wakawa wanaandika "de Stanley", yaani wa Stanley; baadaye ile "de" ikadondoka, na kufika mwaka 1400 hivi familia nyingi za Uingereza zilikuwa na jina linalorithiwa na mtoto hata kama mtoto mwenyewe hajawahi kukiona hicho kijiji.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa mkekani anasikiliza, akasema, "Sasa si ndivyo tulivyo sisi?" Yeye ni Mmanyema. Wazee wake walivuka ziwa kutoka Maniema, Kongo. Kule kwao walikuwa na makabila yao na majina yao. Walipotia nanga Ujiji ndipo wote wakawa Wamanyema. Baba akampa alama kumi kati ya kumi, bila kalamu. Na mimi nikakumbuka kwamba hapa Kibirizi hakuna anayeniita Kigoma, lakini nikishusha mzigo Dar kule sokoni mimi ni Mama Kigoma, hata wapagazi hawajui jina langu jingine.

Sasa ngao. Kwa mtazamaji ndiyo inayouza picha hii. Ni nyeupe, imekatizwa kwa mshazari na utepe wa bluu, na juu ya utepe kuna vichwa vitatu vya kulungu dume vya dhahabu. Wajukuu walisema ni mbuzi. Juu yake kuna tai na mtoto mchanga, na hapo Bi Mkubwa alishtuka, akidhani tai anamla. Hamli. Ni hadithi ya mtoto aliyeokotwa kwenye kiota cha tai akalelewa na ukoo wa Lathom, na Stanley wakairithi alama hiyo mmoja wao, Sir John Stanley, alipomwoa Isabel wa Lathom katika karne ya 14.

Mchoro ni mzuri, rangi zimekaa, wino haukumwagika. Tatizo ni kwamba siyo wetu. Siyo wetu sisi wa Kasulu, wala siyo wa Stanley wengi wa huko huko Uingereza. Kwa sheria yao ngao hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake; jina peke yake halina ngao. Ofisi inayosimamia mambo hayo, College of Arms ya London, iko tangu mwaka 1484 na inasema hivyo hivyo. Hii tuliyotundikiwa ni ya familia moja, wenye cheo cha kikabaila cha Earl wa Derby, walichopewa na Mfalme Henry wa 7 mwaka 1485 baada ya vita vya Bosworth. Kumuuzia mtu ngao ile kwa sababu anaitwa Stanley ni sawa na kumpa kila Juma hati ya nyumba ya Juma mmoja wa Masaki.

Ila Earl hao wanatudai kitu kimoja kizuri. Wa 12 wao, Edward Smith-Stanley, ndiye aliyepewa heshima ya mbio za farasi za Epsom mwaka 1780, zikaitwa Derby kwa cheo chake, na neno likaendelea kusafiri kwenye michezo mingine. Kwa hiyo Simba na Yanga wakikutana mtangazaji akapiga kelele "dabi!", kuna Stanley mle ndani. Baba ni Yanga. Alitaka hilo liandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na nafasi ilipokosekana akaliandika nyuma.

Chini ya ngao kuna utepe wenye maneno ya Kifaransa, "Sans Changer". Karatasi haikuyatafsiri. Maana yake: bila kubadilika.

Hapo ndipo sherehe ilipogeuka kipindi cha historia, keki ikakatwa katikati ya somo. Kwa sababu Stanley wetu, huyu aliyefika hapa Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, hakuwa Stanley. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaandikishwa kwa jina la John Rowlands. Mama hakumlea, akakulia kwenye nyumba ya kutunzia maskini. Mwaka 1859 akafika New Orleans, Marekani, akiwa kijana wa meli, na huko akachukua jina la mfanyabiashara wa pamba aitwaye Henry Hope Stanley. Kwa hiyo jina lililoanzia mawe ya Uingereza likaenda Marekani na mwenyewe, likavaliwa na mtoto wa Wales aliyekataliwa, likatembezwa na msafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, likaokotwa na Bukuru wa Kasulu. Bila kubadilika!

Kuna jambo lingine baba huwa analisimulia kila mgeni akija, na safari hii alikuwa na sababu. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, yule bwana walimwita Bula Matari, mvunja mawe. Walikuwa hawajui kabisa kwamba jina alilojivika nalo lina jiwe ndani. Na wengi wa ng'ambo hawakumkumbuka kwa mema. Mji wa Stanleyville uliachana naye mwaka 1966 ukawa Kisangani.

Na Livingstone? Naye ni mahali, Livingston ya Uskoti, mji wa mtu aliyeitwa Leving. Lakini babu wa Livingstone mwenyewe alitoka kisiwa kidogo cha Ulva, magharibi ya Uskoti, na watu wa ukoo ule walikuwa na jina lao la Kigaeli, MacLea, kabla ya kuvaa la Livingstone. Nendeni pale kwenye jumba la kumbukumbu, ni mwendo mfupi kutoka kwa baba, mtaziona zile sanamu mbili zinavuliana kofia karibu na miembe. "Dr. Livingstone, nadhani." Hakuna hata mmoja kati ya wale wawili ambaye jina lake lilisema alikotoka. Mimi nimepita pale tangu niko chekechea na sikuwahi kuliwaza hilo hadi nilipolipa 45,000.

Kuhusu umaarufu wa jina, karatasi inatoa idadi ya Stanley wote duniani hadi tarakimu ya mwisho, kana kwamba walihesabiwa jana jioni kabla ya magharibi. Baba aliikata kwa mstari mmoja. Angalau wangetaja kwamba kwa Uingereza jina hilo lina nguvu upande wa kaskazini magharibi, Lancashire na Cheshire, ambako ile familia kubwa ilimiliki ardhi. Au kwamba katika karne ya 19 Waingereza walipenda kuwapa watoto majina ya koo kubwa yawe majina ya kwanza, ndipo Stanley akaacha kuwa ukoo tu, akawa mtu yeyote. Au Kombe la Stanley la magongo ya barafuni huko Kanada, lililotolewa mwaka 1892 na gavana wao, ambaye ni wa familia ile ile. Hayo yapo na hayahitaji kubuniwa.

Nikirudi kwa upande wetu, kuna kitu kinaendelea nyumbani ambacho hakuna steshenari itakichapa. Kaka yangu yuko Dar. Watoto wake kwa desturi walipaswa kuishia na jina la baba yetu, ambaye ndiye babu yao. Lakini pasipoti ya kaka inaishia na Stanley, shule ikaomba "jina la ukoo kama la baba", wakaandika Stanley, na cheti kikafuata. Wangu mimi, kwa kuwa ni wa ukoo mwingine, hawalibebi. Basi jina ambalo babu alilichagua dakika moja mbele ya padri, limegoma kushuka kama ngazi za kawaida. Limekwama, linarithiwa. Karani na fomu wamefanya Dar kile ambacho makarani wa Kinormani walikifanya Uingereza. Baba hakupenda, maana aliyerukwa ni yeye. "Nimerukwa na mtu wa Wales," alisema, na hapo hakucheka sana.

Nilimrudia kijana wa duka na picha za masahihisho kwenye simu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Aliziangalia zote, akazikuza kwa vidole, akasema, "Mama, mimi huwa nabofya tu, sijawahi kuzisoma." Akajitolea kuchapa upya bila kiti cha familia na bila ile idadi, kwa 5,000 ya wino. Huo ni uungwana na namhesabia.

Ushauri wangu kwa mnaotaka: chukueni fremu, ombeni mchapo wa Kiingereza kisha mtafute mtu awatafsirie kwa kichwa chake, na ngao mwambie aitoe, nafasi aijaze maelezo. Kama jina lenu ni la Kiha, Kivinza au Kimanyema msipoteze nauli kwa sasa. Nyota tatu: mbili na nusu za fundi wa Mwanga, nusu ya uungwana wa kijana.

Ule mchapo mpya upo kabatini. Baba amekataa kuutundika. Ukutani kuna ule wa kwanza na wino wake mwekundu, chini ya kioo, misumari yote imerudi mahali pake, na juu ya neno Stanley ameandika kwa mwandiko wa ubaoni: BUKURU, pacha wa Butoyi. Kona ya kulia ameweka alama, 4 kati ya 10, na saini. Jumapili kijana wa steshenari alikuja Ujiji mwenyewe kuupiga picha, akanywa chai, akamwamkia baba mara mbili. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni akauliza kama mwalimu anaweza kumpitishia na ile ya Ashley, maana kuna mteja kailipia.